Maelezo yamejaa mtandaoni, lakini nani anamsahihisha kijana?

Julai 2025 OpenAI iliongeza kwenye ChatGPT, programu yake ya mazungumzo inayotumia akili mnemba, hali maalumu ya kujifunzia, na siku chache baadaye Google nayo ikaleta ya kwake kwenye Gemini. Ukiiwasha, programu hailengi kukupa jibu papo hapo. Inakuuliza umefikia wapi, inakupa dokezo, inakuacha ujaribu, kisha inakuonyesha ulipoteleza. Tangu hapo watu wamegawanyika. Wapo wanaoshangilia kwamba kila kijana sasa amepata mwalimu wake wa pembeni, na wapo wanaosema huo ni uvivu ule ule, umevalishwa tu sare ya shule. Nadhani wote wamekazia macho chombo wakaacha jambo lenyewe. Mtandao umemjazia kijana maelezo mpaka yanamwagika, ila masahihisho hayapati. Kwa hiyo nyenzo yoyote anayoelekezwa, iwe ya hesabu, ya kuchagua kazi au ya kujielewa, naipima kwa swali moja: akikosea, itamrudishia kosa lake? Nyingi kati ya zile tunazosambaziana kwenye orodha ndefu za viungo zinafeli hapo hapo.

Uhaba wa maelezo ni habari ya zamani. Chuo cha MIT kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake mtandaoni bure, na mwaka huo huo Wikipedia ikazaliwa. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kilianza mradi wa PhET, majaribio ya sayansi yanayofanyika kwenye kioo cha kompyuta. Salman Khan alianza kupandisha video za hesabu YouTube mwaka 2006, akasajili Khan Academy miaka miwili baadaye. Mwaka 2012 ukaleta Coursera na edX, majukwaa ya kozi za mtandaoni, pamoja na vitabu vya bure vya OpenStax. Kijana aliyezaliwa 2010 alikuwa bado anatambaa au anajifunza kutembea wakati maelezo ya karibu kila mada ya sekondari yalishapatikana bila malipo, angalau kwa anayejua Kiingereza. Hata hivyo bado tunamsaidia kana kwamba shida ni kukosa maelezo: tovuti 50 za lazima, chaneli 30 za kufuatilia, programu 20 za kupakua. Anapakua nne, anafungua mbili, na wiki ya tatu harudi tena.

Tazama kosa lenyewe kwa karibu. Kijana anatatua −2(x − 3) = 10. Anaandika −2x − 6 = 10, anahamisha 6, anapata −2x = 16, anamalizia x = −8. Ameteleza mahali pamoja tu. Hasi mara hasi ni chanya, hivyo mstari wa pili ulipaswa kuwa −2x + 6 = 10, na jibu ni x = −2. Mpe video ya dakika 12 kuhusu kufungua mabano. Ataitazama huku anatikisa kichwa, kwa kuwa kila hatua anaitambua, na kesho atalirudia kosa lile lile, maana video haina habari kwamba yeye huisahau alama ya hasi inapofika kwenye namba ya pili ndani ya mabano. Sasa mwambie tu alirudishe jibu lake kwenye swali: −2 × (−8 − 3) ni −2 × −11, yaani 22, wakati swali linadai 10. Hujamweleza chochote, lakini ile 22 itamrudisha kwenye daftari kukagua mstari kwa mstari. Zoezi hilo halimalizi nusu dakika.

Watafiti wa kumbukumbu walishalipima jambo hili kwa njia nyingine. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha mwaka 2006 jaribio ambamo wanafunzi wa chuo walisoma kifungu cha habari. Baadhi wakakisoma tena, wengine wakaandika kila walichokumbuka bila kuchungulia. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yakapinduka: waliojikumbusha walibaki na asilimia 56, waliosoma tena asilimia 42. Na hapo ndipo mtego ulipo. Kusoma tena, kama kutazama video tena, humpa mtu hisia kwamba ameelewa, na hisia hiyo huja mapema kabla ya usahaulifu kuonekana. John Dunlosky na wenzake walipopitia mbinu kumi za kujisomea mwaka 2013, kupigia mistari na kusoma tena viliangukia daraja la chini; kujijaribu na kutawanya marudio vikawa juu. Khan Academy inasifiwa kwa video zake, lakini kwa kijana kilicho cha maana zaidi mle ni mazoezi yaliyo chini ya video, yanayomwambia papo hapo amepata au amekosa. Ushauri wangu ni aanze na zoezi, akikwama ndipo afungue video, na aitazame kuanzia pale alipokwama.

Anki nayo, programu ya kadi za marudio, inafaa kwa sababu hiyo hiyo, na huharibika kwa sababu mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni kadi nene: upande wa swali umeandikwa "usanisinuru", upande wa jibu una aya nzima. Huwezi kujisahihisha kwenye aya, kwa hiyo unajionea huruma na kubonyeza kwamba umepata. Kadi nzuri huuliza kitu kimoja: gesi gani jani hupokea kutengeneza chakula? Ya pili ni pupa. Programu huja ikiwa imewekwa kadi mpya 20 kwa siku, na baada ya wiki chache marudio ya siku moja huvuka mia. Kijana anaruka siku tatu, anakuta rundo, anafuta programu. Tano mpya kwa siku zinamtosha mwanafunzi mwenye masomo mengine, na zinampa takriban kadi 150 kwa mwezi bila kumlemea.

Tukirudi kwenye akili mnemba, kuna jaribio moja ambalo pande zote mbili hulinukuu nusu nusu. Hamsa Bastani na wenzake waliwafuatilia karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari nchini Uturuki wakijifunza hesabu. Kundi moja lilipewa programu ya mazungumzo ya kawaida. Jingine likapewa iliyoelekezwa kutoa madokezo badala ya majibu. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilifanya vizuri kwa asilimia 48 zaidi ya wasio na programu, na kundi la madokezo kwa asilimia 127. Kisha programu zikaondolewa, ukaja mtihani. Waliozoea ile ya kawaida walishuka asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuwahi kuigusa. Waliopewa madokezo hawakudhurika hivyo, ila nao hawakuwazidi wenzao kwa lolote la maana. Wanaoogopa hunukuu zile 17, wanaoshangilia hunukuu zile 127. Ukizisoma pamoja unaona kwamba injini ilikuwa aina moja. Kilichobadilika zaidi ni kama kijana analazimika kutoa jasho lake kabla ya kuonyeshwa. Unaona pia kwamba alama za wakati wa mazoezi, ambazo mzazi anaziona zinapanda, hazisemi chochote kuhusu siku ya mtihani.

Kwa matumizi ya kila siku, mpangilio unaofanya kazi ni huu. Andika jaribio lako kwenye karatasi mpaka mwisho, hata kama unajua limeharibika. Lipeleke lote kwenye programu, mstari kwa mstari, ukiomba jambo moja: nionyeshe mstari wa kwanza wenye kosa, usinipe jibu. Sahihisha mwenyewe. Funga mazungumzo. Baada ya siku mbili fanya swali jingine la aina hiyo bila msaada. Hicho ndicho kipimo. Mambo huharibika pale hatua ya kwanza inaporukwa, na hurukwa sana, kwa kuwa hali ya kujifunzia anaiwasha na kuizima mwanafunzi mwenyewe. Usiku kazi inapodaiwa kesho asubuhi, kidole kinajua pa kwenda. Kuna na udhaifu wa pili usiosemwa vya kutosha: programu hizi zina tabia ya kukubaliana na mtumiaji. Kijana akishikilia kwamba jibu lake lenye kosa ni sahihi, mara nyingine zitaomba radhi na kumuunga mkono. Ndiyo maana anahitaji namna ya kuhakiki isiyotegemea mashine, kama ile ya kurudisha −8 kwenye swali.

Wapinzani wa mtandao wana hoja moja nzito. Ni kwamba simu inayobeba somo ndiyo inayobeba kila kinacholivuruga. Australia imelichukulia hilo kwa sheria: tangu tarehe 10 Desemba 2025 aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti kwenye TikTok, Instagram, YouTube na mitandao mingine kadhaa. Waliosema sheria hiyo inawafungia watoto elimu hawakuisoma vizuri, maana YouTube bado inatazamika bila akaunti. Kinachoondoka ni mapendekezo yaliyoshonwa kwa kipimo cha mtoto, arifa na maoni. Somo la mabano liko pale pale. Lakini wanaodhani kwamba kwa kufunga akaunti kijana atajikuta anasoma nao wanaota, kwa sababu muda uliookolewa haujazi wenyewe nafasi ya masahihisho.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopendwa zaidi, ni ya watetezi wa mtandao: penye nia pana njia, vitu vyote viko bure, anayeshindwa ni mvivu. Harvard na MIT walipochapisha takwimu za kozi zao 17 za kwanza za mtandaoni, za mwaka 2012 na 2013, usajili ulikuwa 841,687 na vyeti vilivyotolewa 43,196. Hiyo ni karibu asilimia 5. Ni kweli wengi walijisajili kuchungulia tu, na si haki kuwaita walioshindwa. Lakini watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walipoangalia miaka iliyofuata, waliona kiwango cha kumaliza hakikupanda. Kwa mwaka 2017 hadi 2018 kilikuwa asilimia 3.13. Na hao kwa sehemu kubwa walikuwa watu wazima, wengi wakiwa tayari na shahada, watu waliokwisha kujifunza namna ya kujifunza. Ikiwa mtu wa miaka 30 mwenye digrii anaacha kozi wiki ya pili, kumwambia wa miaka 15 kwamba tatizo ni nia yake ni kumsingizia. Nia huchoka haraka sana mahali ambapo hakuna anayeona umefanya nini.

Kuna hoja ya tatu ambayo haipuuziki: bando na umeme. Hapa jibu ni la kiufundi zaidi kuliko la kifalsafa. Kolibri, programu ya shirika la Learning Equality, huwekwa kwenye kompyuta moja, masomo na mazoezi yakapakuliwa mara moja, kisha simu na kompyuta nyingine zikaunganishwa nayo kwa wifi ya ndani bila intaneti. Mwalimu huona nani amekwama kwenye swali lipi. Majaribio mengi ya PhET hupakuliwa kama faili moja na kufunguka kwenye kivinjari. Programu ya Kiwix husoma Wikipedia bila mtandao. Wikipedia nzima ya Kiingereza yenye picha ni takriban gigabaiti 100, na wengi hukwama mahali pamoja: kadi ya kumbukumbu iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili inayozidi gigabaiti 4, hivyo upakuaji hukatika na mtu akadhani faili ni mbovu. Ipange upya kwa exFAT, ukihamisha kwanza vilivyomo kwa sababu vitafutika. Na usianze na gigabaiti 100. Mikusanyo midogo ya somo moja ipo.

Kwenye kuchagua kazi, upungufu wa masahihisho unaumiza zaidi kwa sababu kosa hujulikana baada ya miaka. Ripoti ya mwaka 2020 ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, ilionyesha kwamba katika nchi 41, asilimia 47 ya wavulana na asilimia 53 ya wasichana wa miaka 15 walitarajia kufanya mojawapo ya kazi 10 tu. Dawa inayotolewa kwa kawaida ni dodoso la mtandaoni. Lililo bora kati ya ya bure ni lile la O*NET la Idara ya Kazi ya Marekani, maswali 60 yaliyojengwa juu ya makundi sita ya mwanasaikolojia John Holland: kazi za vifaa na mikono, za uchunguzi, za sanaa, za kuhudumia watu, za biashara na uongozi, na za kumbukumbu na utaratibu. Linafaa, mradi litumike kwa kazi yake. Maelekezo yenyewe yanasema usifikirie mshahara wala elimu unapojibu, na vijana wengi hufanya kinyume. Kila kundi hupata alama kati ya 0 na 40. Ikiwa zote sita zimekaribiana, orodha ya kazi inayofuata haina uzito. Na mishahara na mahitaji yanayoonyeshwa ni ya soko la Marekani. Zaidi ya yote, dodoso hupima unachopenda kufikiria unafanya. Halijui kama ukifanya utaweza, wala kama utachoka siku ya tatu.

Kwa hiyo dodoso liwe mlango tu. Chagua kazi tatu kutoka kwenye matokeo, soma majukumu yake ya kila siku, kisha ifanye sehemu ndogo ya moja kwa mikono yako. Anayefikiria uhasibu achukue mapato na matumizi ya mwezi mmoja ya kikundi kidogo, miamala kama 40, ayaingize kwenye lahajedwali (kama Excel), na salio lake lilingane na fedha zilizopo. Halitalingana mara ya kwanza. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, aangalie kama kuna tarakimu mbili zilizopishana, mfano 540 iliyoandikwa 450, ambapo tofauti ni 90. Yule anayeona raha kuifukuza hiyo 90 hadi aikamate amejifunza kuhusu nafsi yake kitu ambacho maswali 60 hayakumwambia. Anayeikasirikia naye vile vile. Kuandika programu za kompyuta kuna bahati hapa, kwa kuwa kosa hujitangaza: mazoezi ya tovuti ya freeCodeCamp hukataa kukuruhusu kuendelea mpaka ulichoandika kipite majaribio yake, na kozi ya kompyuta ya CS50 ya Harvard ina chombo cha kukagua kazi kabla ya kuituma. Uandishi, uchoraji na ubunifu wa picha havina mashine hiyo. Huko lazima apatikane mtu. Kuhusu vyeti, nitasema moja tu: cheti kilichotolewa kwa kutazama video mpaka mwisho kinathibitisha kwamba video iliisha.

Eneo la kujijenga na afya ya akili ndilo ninalolihofia. Mwaka 2022 watafiti walichambua video 100 za TikTok zilizotazamwa zaidi kuhusu ADHD, tatizo la umakini na utulivu, wakakuta 52 zinapotosha. Kijana huona dalili tano, anajitambua kwenye nne, anajipa jina. Video haimuulizi anachouliza mtaalamu: dalili zilianza kabla ya miaka 12? Zinatokea shuleni na nyumbani pia, au mahali pamoja tu? Zimedumu miezi 6? Maswali hayo matatu ndiyo masahihisho, na hayamo kwenye video ya sekunde 40. Kwenye hofu, huzuni nzito au mawazo ya kujidhuru, nyenzo ya kwanza iwe mtu aliyefunzwa kusikiliza. Child Helpline International ina orodha ya huduma za simu za watoto na vijana kwa nchi nyingi, na namba hiyo inapaswa kuwa juu kabisa, kabla ya tovuti za kupanga malengo.

Kuhakiki habari nako kunafundishika kuliko tunavyodhani. Kundi la Chuo Kikuu cha Stanford liliwaonyesha wanafunzi 3,446 wa sekondari za Marekani video iliyodai kuonyesha wizi wa kura nchini mwao. Ilirekodiwa Urusi. Wanafunzi walikuwa na intaneti na ruhusa ya kutafuta, na watatu tu ndio waliogundua. Wahakiki wa kitaaluma hawakai kwenye ukurasa wakichunguza unavyopendeza; hufungua kichupo kingine mara moja na kutafuta nani yuko nyuma yake. Dakika mbili, na kijana akifanya mara 10 akiwa na mtu wa kumwonyesha alichokosa, mkono unazoea.

Tukilikubali hili, kazi ya wazazi, walimu na wanaoandaa orodha inabadilika. Kutafuta nyenzo nyingi zaidi kunakuwa kazi ndogo. Kubwa ni kuzipunguza na kuziwekea jicho. Kwa muhula mmoja ningemwachia kijana nyenzo tatu: moja ya mazoezi kwenye somo linalomsumbua zaidi, moja ya kazi ya mikono inayohusiana na anachodhani anataka kuwa, na namba ya mtu wa kuzungumza naye. Mbele ya zile mbili za kwanza ningeandika atafanya nini, siku gani, na nani ataiona. Aliye karibu hahitaji kujua aljebra. Anaweza kuketi dakika 15 kila Jumapili, kuomba aonyeshwe swali moja lililokosewa wiki hiyo, na kumtaka kijana aeleze kosa lilikuwa mstari upi. Akishindwa kuutaja mstari, wiki ijayo asiongezewe mada mpya.